Kodi ya Masikio

3 Februari

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika na mama yako ameisoma mara tatu, mara mbili kwa ajili yake na mara moja kwa ajili ya jirani ambaye wala hakuomba. Sasa mtaa mzima unajua kwamba umepandishwa cheo, kwamba una meza yako karibu na dirisha, na kwamba ofisi ya kodi ya mapato imekukabidhi wastaafu wote. Nimefurahi, mama. Nimefurahi mpaka nimenyoa ndevu.

Najua nilinuna ulipokataa kazi ya mitambo ya maji ukaenda kwa watoza kodi. Yamepita hayo. Mtu ambaye mtoto wake ana meza karibu na dirisha hana haki ya kununa.

Umeuliza kama naweza kukusaidia na hicho kijitabu cha kuwaeleza wastaafu kodi yao. Umefika kwa mwenyewe. Mimi nalipa kodi yangu kila mwaka, sijachelewa hata siku moja, na fomu naijaza kwa wino mweusi. Napokea malipo mawili kila mwezi: ya kwanza pensheni, ya pili nyongeza ya utumishi mrefu. Nayajumlisha, naandika jumla kwenye mstari wa pensheni, nalipia yote, nalala usingizi. Ukikutana na mstaafu anayelalamika, mwambie baba yako halalamiki. Unadhani mshahara wako unatoka wapi?

Na usinitumie tena namba ya simu. Simu ni ya watu wasio na la kusema. Barua mtu anaikalia, anaitafakari, anajibu kama mtu mzima.

Baba yako,
Msimamizi wa Pampu, mstaafu kwa hiari yake


12 Februari

Shikamoo Baba,

Nimewasomea wenzangu habari za ndevu wamecheka sana. Mkuu wetu amesema angepata walipa kodi kumi kama wewe angekwenda likizo.

Kijitabu kina kurasa nane tu, na kazi yote iko katika ukurasa wa tatu, kwa sababu hapo ndipo watu wanapokosea. Wengine wanadhani fedha yoyote ya serikali haina kodi, wengine wanadhani yote ina kodi. Nimeandika hivi, niambie kama inaeleweka:

"Pensheni ni mshahara uliochelewa njiani. Ulipokuwa kazini, kila mwezi kipande cha mshahara wako kiliwekwa kando bila kutozwa kodi. Leo unakipokea, kwa hiyo kodi yake inakuja leo, kwa ile sehemu inayozidi kiwango cha msamaha. Fidia ya kuumia kazini ni kitu kingine. Si mshahara. Ni malipo ya kitu ambacho mwili wako umepoteza, na kitu hicho hakikuwa mapato, ulizaliwa nacho. Fidia haitozwi kodi hata senti moja. Iandike peke yake, mstari wa kumi na moja, taja aina ya ulemavu na uambatishe cheti cha bodi ya madaktari."

Sasa, Baba, nina swali. Nimepekua orodha nzima ya malipo ya watumishi wastaafu na sijaona kinachoitwa nyongeza ya utumishi mrefu. Faili lako liko ghorofa ya chini, ningeweza kumaliza wasiwasi wangu kwa dakika moja, ila sisi haturuhusiwi kufungua faili la ndugu. Anayefanya hivyo anafukuzwa siku hiyohiyo. Naomba unitumie nakala ya hati yako ya malipo.

Msalimie Mama.

Binti yako


20 Februari

Mwanangu,

Ndiyo kusema umepewa dirisha ukaanza kumchungulia baba yako. Hati ya malipo sina, panya wamekula. Na hiyo sheria yenu ya faili la ndugu ni sheria nzuri sana, ishikeni hapohapo.

Orodha yenu ina kasoro. Sipokei mimi peke yangu. Tunapokea wote watano wa ile zamu yangu ya mwisho: mimi, Kipenga, na wale watatu uliokuwa ukiwaita baba wadogo. Mwaka wa kwanza walikuja na fomu zao mkononi, hawajui waandike wapi. Nikawakalisha mezani nikawaonyesha: mstari wa pensheni, jumla moja, sahihi, kwisha. Mpaka leo kila Januari wanakuja na kalamu zao, nami nakagua mmoja mmoja kama nilivyokuwa nikikagua buti zao. Watu watano wakosee wote, tena chini ya macho yangu?

Anayenung'unika ni Kipenga peke yake. Anasema kodi ikishatoka habakiwi na kitu, na vidonge vyake vya presha anameza leo, kesho anapumzisha tumbo. Nimemwambia akaze mkanda, tumewahi kukaza zaidi.

Ukurasa wa tatu unaeleweka. Ila hilo neno ulemavu liandike kwa herufi ndogo. Watu wazima hawapendi kuonyeshwa kidole.

Baba yako


28 Februari

Baba,

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko Mama alivyosoma yangu.

Utumishi mrefu hauwezi kuwapata watu watano siku moja. Kipenga alikuwa na miaka kumi na moja tu kazini alipoondoka, wewe ulikuwa na thelathini na moja. Kinachoweza kuwapata watu watano wa zamu moja ni ajali.

Nimeanza kuhesabu mambo mengine. Ulistaafu na miaka hamsini na mitatu, wewe ambaye ulisema utatolewa kwenye mitambo ukiwa umebebwa. Mwaka huohuo ukaikataa simu. Mwaka huohuo Mama akaanza kurudia kwa sauti kila nilichosema mezani, huku anakutazama usoni, nami nikamcheka kwamba amezeeka. Wakubwa kutoka makao makuu ya maji walikuwa wanakuja kukuchukua ukawasikilizie mashine zao, unaweka ncha ya bisibisi kwenye beringi, mpini sikioni, unawaambia inakufa lini. Baada ya hapo hawakuja tena, wala hukuwataja.

Halafu nimekumbuka asubuhi niliyoondoka. Ulikuwa umeinama unaosha baiskeli. Nilisimama nyuma yako na begi langu nikasema, "Baba, naondoka, nipe radhi yako." Hukugeuka. Nikasema tena. Ukaendelea kusugua spoki. Nilikwenda kituoni nalia njia nzima, na miaka tisa hii nimeamini kwamba ulinisikia ukaninyima.

Baba, ulinisikia?

Kama jibu ni ninalolidhani, basi yale malipo ya pili ni fidia, na nyote watano mmelipia kodi kitu kisichotozwa kodi, miaka tisa. Sheria inaruhusu kudai miaka mitatu ya nyuma tu, na mwaka wa kwanza kati ya hiyo mitatu unafungwa tarehe 31 Machi. Ukipita umepita. Kila mmoja anatakiwa aje mwenyewe makao makuu hapa, na cheti chake, ajaze mstari wa kumi na moja kwa mkono wake.

Binti yako


4 Machi

Mwanangu,

Hii ni mimi mama yako. Baba yako ameisoma barua yako, akaikunja, akaenda bandani. Yuko huko tangu saa nne na chakula chake kimepoa. Hajui kwamba naandika.

Hakukusikia. Jioni ya siku ile aliingia jikoni akaniuliza, "Huyu mtoto ameondoka bila hata kuniaga?" Nikadhani mmegombana, nikanyamaza. Kumbe kila mmoja wenu alikuwa na kidonda chake na mimi niko katikati. Alikuwa ameniapisha nisimwambie mtu. Nimekuwa masikio yake miaka yote hii: mlango ukigongwa nakanyaga sakafu kwa nguvu, akiitwa barabarani namfinya mkono. Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akanijibu kwamba yeye hana maradhi, ana kelele tu ndani ya kichwa.

Usimwandikie kwa huruma. Huruma inamtia hasira.

Mama


9 Machi

Mwanangu,

Mama yako ameniambia ameandika. Amekuwa mke mwaminifu miaka thelathini na mitano akanisaliti kwa stempu moja. Nimemshukuru.

Sikukusikia. Naandika tena ili usome vizuri: sikukusikia. Ungeniomba radhi hiyo mbele ya uso wangu ningekupa hata na baiskeli. Unayo, mama. Ulikuwa nayo kabla hujafunga begi. Mimi miaka yote hii nimejua kwamba mwanangu aliniona baba mkaidi asiyestahili hata kuagwa, nikasema liwalo na liwe, nikakuandikia barua za maskhara ili usiache kujibu.

Kilichotokea ni hiki. Saa moja asubuhi tangi la shinikizo lilipasuka begani, sehemu ya juu. Hewa ikawa inatoka kwa mlio ambao siwezi kuuandika. Kitabu cha kazi kilisema tutoke nje tufunge umeme. Lakini kufunga umeme ni kukata maji mji mzima, na hospitali ilikuwa na akiba ya saa moja tu. Nikawatazama wale wanne. Hakuna aliyetoka. Tulifunga valvu ya kwanza kwa mkono, kisha ya pili, tukayageuza maji yapite bomba la akiba, dakika arobaini, tumeziba masikio kwa vitambaa vya kufutia grisi. Maji hayakukatika. Mjini hakuna aliyejua kwamba kulikuwa na jambo. Tulipotoka, Kipenga akapuliza kipenga chake kama kawaida ya mwisho wa zamu, akapuliza tena, akakitazama, akadhani kimeharibika.

Bodi ya madaktari ikatupa kila mmoja karatasi. Juu imeandikwa MLEMAVU kwa herufi kubwa. Niliwaambia watu wangu: sisi hatukuingia mle ndani kutafuta jina hili. Tumefanya kazi, tutalipwa kama watu waliofanya kazi, na kodi tutalipa kama watu waliofanya kazi. Karatasi nikazifungia sandukuni kwangu, zote tano.

Ndiyo msimamo wangu mpaka leo. Watu walinijua kwa masikio yangu. Sitakwenda dirishani kumwambia kijana wa watu kwamba ndiyo yaliyokufa. Kodi nitalipa. Fedha zangu, uamuzi wangu.

Baba yako


15 Machi

Baba,

Mama amenikataza huruma, na bahati nzuri sina. Nina hasira.

Nimeisoma habari ya zile dakika arobaini nimesimama, sikuweza kukaa. Nimefanya kazi miaka tisa na watu wanaojisifu kwa mihuri, na baba yangu alishikilia maji ya mji mzima akatuficha kama mtu aliyeiba kuku. Ningetembea nimeinua kichwa tangu nina miaka ishirini na mbili, Baba. Umeninyima hilo, na hilo sikusamehi upesi.

Sasa nisikilize kama mtu wa kodi. Unasema unalipa kama mtu aliyefanya kazi. Pensheni ndiyo malipo ya kazi, na utaendelea kuilipia, na mshahara wangu utaendelea kutoka mfukoni mwako, usihofu. Lakini fidia si sadaka ambayo mtu mwenye heshima anaikataa. Ni serikali inakiri kwa maandishi kwamba ilichukua kitu chako. Ukiiandika kwenye mstari wa pensheni unaifutia serikali ushahidi. Kwa hesabu za ofisi yangu, siku ile haikutokea. Kuna wazee watano tu waliozeeka mapema. Na kila mwaka unalipa kodi ya masikio uliyokwisha kuyatoa bure.

Neno lile la juu ya karatasi hukulipenda. Sawa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, hilo ulinifundisha wewe. Tena chini ya neno hilo madaktari huandika sababu. Nani ataisoma sababu ikiwa sandukuni?

La mwisho. Unasema fedha zako, uamuzi wako. Kweli, una haki ya kuitupa haki yako. Haki ya Kipenga si yako. Yeye anameza kidonge siku moja anaruka siku moja kwa sababu miaka tisa iliyopita msimamizi wake alimwonyesha mstari wa kuandika, na yeye hajawahi kukukaidi. Karatasi yake iko sandukuni kwako. Mrudishie.

Binti yako


23 Machi

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma siku tatu, kisha nikafungua sanduku.

Jana nimewaita wote. Nimewarudishia karatasi zao nikawaambia, "Mimi ndiye niliyekosea. Fomu zenu niliziharibu mimi, kwa kiburi changu." Imenibidi niseme mara tatu kwa sauti, unajua hali yetu. Nilitegemea watanitukana. Kipenga aliisoma karatasi yake muda mrefu, kisha akasema huku nikimtazama midomo, "Msimamizi, mimi nilikuwa naona aibu peke yangu, nikidhani ninyi wenzangu masikio yenu yalipona." Wale watatu wakasema hata wao. Watu watano tumekaa meza moja kila Januari, kila mmoja anatikisa kichwa kwa maneno asiyoyasikia.

Tumecheka mpaka mama yako akaja kuangalia kuna nini.

Tunakuja tarehe 30. Usitupokee, usituonyeshe njia, usimwambie mtu lolote. Sitaki kesho waseme tulipitia mlango wa nyuma.

Msimamizi wa Pampu


31 Machi

Baba,

Nilikuwa nimeahidi kutotokea, na nisingeweza hata kama ningetaka. Mkuu alipoona jina lako kwenye foleni aliniambia nipande ghorofa ya tatu nikae huko mpaka mihuri igongwe. Nikakaa juu ya ngazi. Nakwambia nilichosikia, kwa kuwa wewe hukukisikia.

Kijana wa dirishani, kama alivyonisimulia baadaye, alikuuliza kwa adabu, kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie: "Aina ya ulemavu, mzee?" Akauliza tena. Akauliza ya tatu. Kisha akaliandika swali kwenye karatasi. Halafu ikaja sauti yako, ile ya nyumba ya pampu, ambayo sikuwa nimeisikia tangu utoto:

"KIZIWI! MASIKIO YOTE MAWILI! ANDIKA NA SABABU! TANGI LILIPASUKA, ZAMU YANGU IKABAKI NDANI, NA MAJI HAYAKUKATIKA! HAWA WANNE NYUMA YANGU WAANDIKE HIVYOHIVYO!"

Baba, jengo lina ghorofa nne. Mashine za kuandikia zilinyamaza. Mhasibu wa ghorofa ya tatu, ambaye hainuki hata kwa tetemeko, alitoka mlangoni akaniuliza, "Nani huyo?" Nikamwambia, "Baba yangu." Nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Na kuna jambo jingine. Nyuma yenu kwenye foleni alikuwepo mama mmoja, mwalimu mstaafu anayetembea na gongo. Wameniambia aliitazama fomu yake, akaikunja, akaomba nyingine mpya, akasema kwamba hata yeye ana mstari wa kumi na moja. Kisha mwingine. Jana zimechukuliwa fomu mpya kumi na nne. Mkuu ameagiza kijitabu kichapwe upya, na ukurasa wa tatu uwe wa kwanza.

Madai yenu yote matano yamepigwa muhuri, miaka yote mitatu. Sikuyagusa hata kwa kidole.

Mkuu aliponiruhusu kushuka mlikuwa mmeshatoka. Nilikimbia mpaka getini. Mlikuwa mnavuka barabara kuelekea kituoni, watano mmepangana, wewe mbele. Niliita "Baba!" kwa nguvu zangu zote. Barabara nzima iligeuka, muuza magazeti aligeuka, mbwa aligeuka. Hamkugeuka ninyi watano tu.

Nilisimama pale nikawatazama mpaka mkapanda gari. Nililia, sikufichi. Ila safari hii nilikuwa najua.

Binti yako


8 Aprili

Mwanangu,

Kipenga anameza vidonge kila siku na sasa analalamika kwamba ni vichungu. Ameahidiwa fedha zake kabla ya mwezi kuisha, lakini sikungoja, nimemkatia kwenye zangu kwanza. Hilo halina mjadala, nilimdhulumu.

Cheti changu nimekitundika sebuleni. Jirani alikuja akasoma neno la juu akaanza kuninong'onea pole. Nikamwambia asome na la chini. Amesoma mpaka mwisho, ameketi, ameomba nimweleze upya, na mama yako amesikia nikisema "tangi" akakimbilia jikoni kwa sababu anasema ni mara ya sita wiki hii. Wacha akimbie. Nilinyamaza miaka tisa.

Umeandika kwamba ulisema "Baba yangu" kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Nimempa mama yako aisome sehemu hiyo, nikamtazama midomo, nikamwomba arudie.

Mwezi ujao nakuja kukuona, si kwa kodi, kwa miguu yangu tu. Ukiniona barabarani usiite, mama. Kimbia, nishike bega. Nitageuka.

Baba yako